Madirisha ya juu ya Hardwick Hall, Derbyshire
Je, madirisha ya juu ya jumba hili la kale la Uingereza ni marefu kuliko ya chini kwa sababu yalipanuliwa baadaye? Hapana, hayakupanuliwa. Nyumba ilijengwa hivyo hivyo kati ya 1590 na 1597, na mchoro unahesabiwa kuwa wa msanifu majengo Robert Smythson. Chini palikuwa pa watumishi, katikati akikaa mwenye nyumba, bibi tajiri Bess wa Hardwick, na juu kabisa kumbi za kupokelea wakubwa. Ndiyo maana madirisha yanarefuka kadiri unavyopanda. Vioo enzi hizo vilikuwa ghali, kwa hiyo na majivuno yalikuwemo! Kuta za nje zilimudu kubeba madirisha makubwa hivyo kwa sababu dohani (njia za moshi) zimepitishwa kwenye kuta za ndani. Ila usidanganyike na picha: machache ni ya bandia, nyuma yake hakuna chumba, yamewekwa ili pande zifanane.