Kitu kikivunjika usikimbilie kukiosha

Mimi ni fundi wa mitambo kiwandani, na kila shafti ikikatika lazima kuna mtu atakuja mbio na petroli na brashi aisafishe eti tuone vizuri. Jamani acheni hio tabia, ule uchafu wa pale ilipokatikia ndo ushahidi wenyewe. Piga picha kabla hujagusa, funga kipande kwenye nailoni kavu, andika kilikaa wapi na kiliangalia upande gani, na zile sehemu mbili zilizokatika usizikutanishe hata kama mkono unawasha, zikisuguana tu alama zimeenda.

Anayeona nazidisha akasome kuhusu Columbia, chombo cha anga cha Marekani kilichosambaratika juu ya Texas kikirudi duniani tarehe 1 Februari 2003 na watu 7 ndani. Viliokotwa vipande zaidi ya 80,000, vikapangwa chini kwenye hanga kule Florida kila kimoja mahali pake. Sasa ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, kwa ndani, paneli zilikuwa zimerukiwa na chuma kilichoyeyuka kikagandia tabaka juu ya tabaka, wakapiga eksirei, wakachunguza maabara kipi kiliyeyuka mwanzo kipi kikafuata, mpaka wakafika moto ulikoingilia: paneli namba 8. Ebu fikiria mtu angeyakwangua yale madude!

Alafu kuna ugonjwa wa "hio ni kawaida yake". Kilichotoboa bawa ni kipande cha lile povu gumu linalofunika tanki la nje la mafuta, kilibanduka kama sekunde 82 baada ya kuruka. Povu lilishabanduka safari kibao huko nyuma na chombo kinarudi salama, basi watu wakazoea. Hata baada ya ajali wapo waliokataa kwamba kitu chepesi vile kinaweza kutoboa, mpaka Julai 2003 huko San Antonio walipoipiga paneli ya aina ileile kwa mzinga wa gesi, povu lisilofika kilo 1, kasi zaidi ya kilomita 800 kwa saa, likafungua shimo la kama sentimita 40. Ubishi ukaishia hapo. Kwa hio badala ya kubishana kikaoni chukua kipande cha aina ileile ukijaribu.

Na ukibadilisha sehemu moja kagua na jirani zake. Pale povu lilipobanduka walilitoa wakaweka hita za kuzuia barafu, lakini Discovery, chombo kingine kama Columbia, iliporuka Julai 2005 povu likabanduka sehemu nyingine ya tanki la aina hiyohiyo, ikabidi safari zisimame tena.