Jibu: Bustani ya nyumba za msaada, wakazi walikuja siku ya kwanza tu

Mkuu, umeuliza kwa nini wakazi wa nyumba zenu walijaa siku ya kuzindua bustani, kisha baada ya wiki chache mkabaki wafanyakazi peke yenu na majembe. Nimesimamia bustani kama hiyo kwenye shirika la hisani linalowapa nyumba na uangalizi watu waliokuwa hawana makazi, baadhi yao wakiwa na maradhi ya akili.

Swali langu la kwanza: nani aliamua kipandwe nini? Kama ramani ya matuta ilichorwa ofisini halafu watu wakaitwa kushiriki, mmewapa kibarua kisicho na ujira. Kwetu kila anayetaka ana tuta lake, anapanda apendacho, na mavuno ni yake, ale au agawe. Mzee mmoja alipanda maua matupu tuta zima. Msimamizi akanung'unika kwamba hayaliwi, lakini kila asubuhi wa kwanza kushika ndoo ya kumwagilia alikuwa mzee huyo huyo.

Na isiwe sharti. Pathways to Housing, shirika lililoanza New York mwaka 1992, lilikuwa likimpa mtu nyumba kwanza bila kumlazimisha tiba. Bustani nayo iende hivyo hivyo, msiandikishe mahudhurio. Mtu akilazwa hospitali, jirani amwagilie, naye akirudi alikute tuta bado ni lake. Kumpa mwingine tuta hilo ni kumfukuza kwa adabu.

Anzeni na vinavyokua upesi. Figili huwa tayari kama siku 25 hadi 30, mchicha wiki 3 au 4. Nyanya zinataka miezi, na aliyezoea kuahidiwa bure hana subira hiyo mwanzoni. Upana wa tuta usizidi sentimita 120, mtu afike katikati bila kukanyaga udongo. Mwenye kiti cha magurudumu muinulieni tuta. Kama kiwanja kilikuwa karakana, au kina nyumba kuukuu zenye rangi inayobanduka, udongo upimwe madini ya risasi kabla ya kupanda mboga.

Halafu kuna dawa, na hapa wengi hujisahau. Anayetumia lithiamu, dawa ya maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia, akitoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa inaweza kuzidi kwenye damu hadi ikawa sumu. Klopromazini, dawa nyingine ya maradhi ya akili, nayo hufanya ngozi iungue upesi na jua. Kazi iwe asubuhi au jioni, kivuli na maji ya kunywa viwe karibu, na muuguzi wenu aulizwe mapema.

Viuatilifu visiingie kabisa kwenye eneo lenye watu wanaopambana na mawazo ya kujiua. Viwavi waokoteni kwa mkono. Na ufunguo wa stoo ya zana asikae nao mfanyakazi peke yake. Jumamosi na Jumapili hayupo, miche inakauka huku wanaotaka kumwagilia wanaitazama dirishani. Wapeni wakazi wawili nakala.