Muulize Mkunga: Pete imenibana, presha imepanda. Nisafiri?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 21, naishi Ujiji, na mimba yangu ya kwanza ina wiki 33. Nilipoanza kliniki presha ilikuwa 110/70. Wiki iliyopita ilikuwa 148/96, wakaniweka hadi alasiri wakapima tena, ikawa vilevile, na mkojo ukaonyesha protini. Nimepewa methildopa, nirudi baada ya siku tatu. Uso umevimba na pete ya ndoa haitoki, ila sijisikii mgonjwa. Mama mkwe anasema nimevimba kwa sababu nimebeba wa kiume, niache chumvi tu, na Jumamosi nipande boti nikajifungulie kwake Buhingu. Presha hii imeletwa na nini? — Mama Kijacho, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na boti: usipande. Ziwa likichafuka, boti hujibanza ufukweni mpaka upepo utulie. Presha kama yako yaweza kuleta kifafa cha mimba, yaani degedege, nacho hakingojei upepo.

Kujisikia mzima ndiko kunakonitia hofu. Nikiwa bado mgeni kazini, katika zahanati moja ya kando ya ziwa, alikuja binti mjamzito analalamika kichwa. Masika ile malaria ilikuwa kila nyumba, nami nikampa dawa ya malaria na ya maumivu, nikamruhusu. Presha sikumpima. Usiku ndugu zake wakamrudisha kwenye machela, anatupa mikono, ameuma ulimi, wao wanasema ni pepo. Mkojo wake tulipouchemsha kwenye kichupa cha kioo, maana ndivyo tulivyopima enzi hizo, uliganda mweupe kama ute wa yai. Yeye alipona. Mtoto hatukumpata. Tangu usiku ule simpi mjamzito hata kidonge cha kichwa kabla sijamfunga mkanda wa presha.

Sasa chanzo. Si jinsia ya mtoto, wala si ugomvi na mawifi. Chumvi nayo usiitwishe lawama, kwani kuiacha hakuzuii ugonjwa huu. Mambo huanzia kwenye kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi hutakiwa kupanuka sana ili kondo lishibe. Kwa baadhi ya wanawake haipanuki vya kutosha. Kondo lenye njaa ya damu humwaga kemikali kwenye damu ya mama, na hizo hudhuru kuta za mishipa yake mwili mzima. Mishipa ikibana, presha hupanda. Figo huvujisha protini. Maji hutoka mishipani yakajaa usoni na vidoleni, na hiyo ndiyo pete yako.

Kwa nini wewe na si jirani, hakuna awezaye kusema kwa hakika. Mimba ya kwanza ni sababu mojawapo. Wenye mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo, unene mkubwa, au mama na dada waliowahi kuugua, nao wamo hatarini zaidi.

Presha ya 140/90 au zaidi, ikirudiwa baada ya saa nne na bado iko juu, baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo, ndiyo hali inayotangulia kifafa cha mimba. Ingekuwa juu kabla ya wiki ya 20, tungesema huenda ulikuwa nayo tangu zamani. Isingekuwa na protini wala dalili nyingine, tungeiita presha ya mimba, na bado tungekufuatilia, maana hugeuka.

Ukiona mojawapo ya haya, hata saa nane za usiku, amsha mume mwende hospitali: kichwa kinachouma bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia au chembe ya moyo, kuhema kwa shida, mkojo kupungua, mtoto kuacha kucheza. Presha ikigonga 160/110 usingoje dalili yoyote.

Methildopa hushusha presha, haiondoi ugonjwa. Ugonjwa huondoka kondo likishatoka, ndiyo maana daktari anaweza kuamua uzae mapema. Kifafa kikikaribia, hospitali wana sindano ya magnesiamu salfeti. Hiyo ndiyo sababu nataka ujifungulie hospitali ya mkoa na si mbali nayo. Na ukishazaa usikimbilie nyumbani, kwa sababu kifafa huweza kuja hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Pima presha mpaka irudi sawa.

Mimba ijayo nenda kliniki mapema, kabla ya miezi minne, ueleze haya, daktari aone kama utafaa kuanzishiwa aspirini ya dozi ndogo. Usijinunulie mwenyewe dukani.

Mama mkwe msomee jibu hili taratibu, umwombe yeye ndiye aje Ujiji. Atafaa sana hapo nyumbani siku zako zikitimia. Na pete, ivue leo kwa povu la sabuni na mkono ukiwa umeuinua juu, kabla haijabidi kukatwa.