Spea za kubeba Tabora–Kigoma na gari la zamani la Kiingereza

Mkuu, umesema umepata Triumph Spitfire 1500, unataka kuitoa Tabora mpaka Kigoma, na kuna aliyekushauri ubebe alternata, stata na wotapampu za akiba. Mimi nina MGB ya 1972, mwaka wa tisa sasa naihangaikia hapa Tabora, na njia hiyo nimeipita mara nne. Mara moja nilirudi juu ya fuso.

Ndiyo nianze na hiyo. Nilikuwa nimebeba duka zima: stata, wotapampu, gasketi ya silinda hedi, mpaka begi la mama watoto likakosa nafasi kwenye buti akalipakata. Tumepita Urambo, hatujafika Kaliua, gari ikaanza kumisi, ikapiga mishindo miwili ya moshi, ikazima. Mwezi wa kumi, saa nane mchana, lami inafuka. Nikachomoa plagi moja nikaigusisha kwenye injini, nikamwambia mama watoto apige stata: cheche nyekundu, dhaifu, kama ya kiberiti kilicholowa. Nikafungua kifuniko cha distributa, kile kinachogawa umeme kwa plagi. Pointi, ile swichi ndogo ya ndani yake, zinafunguka na kufunga vizuri, lakini kila zikifunguka zinarusha moto zenyewe, na nyuso zake zimeungua. Basi hapo ni kondensa, ile inayozuia pointi zisirushe moto, imekufa. Kitu kidogo kuliko kidole gumba, na katika mzigo ule wote sikuwa nayo. Vijana wa gereji pale wanajua Noah na bodaboda kuliko mimi, lakini gari yenye pointi wengine walikuwa hawajawahi kuiona.

Tangu siku hiyo nina kopo la Blue Band. Ndani kuna pointi, kondensa mbili, rota (kile kinachozunguka ndani ya distributa), kifuniko cha distributa, waya mmoja mrefu wa plagi na plagi mbili. Koili, ile inayokuza umeme wa plagi, inakaa pembeni imefungwa kwenye kitambaa. Angalia namba ya distributa yako kabla hujaagiza, maana Lucas 25D4 na 45D4 haziazimani rota. Halafu usiweke kitu kipya ndani ya kopo. Kipya kifunge kwenye gari, kile cha zamani kilichokuwa kinafanya kazi ndicho kiwe akiba. Nimewahi kutoa rota mpya kabisa kwenye boksi, ikavujisha umeme kwenye ribiti yake siku hiyo hiyo. Nafasi ya pointi ni kama milimita 0.4, ukisahau filagegi (vile vibati vya kupimia nafasi), gamba la boksi la kiberiti linakaribia hapo, litakufikisha.

Mafuta: mimi nina pampu ya SU ya umeme, iko chini ya gari karibu na tairi la nyuma la kulia. Ukifungua swichi lazima uisikie tik-tik-tik halafu inyamaze. Isipolia kabisa, naigonga kwa mpini wa bisibisi, mara nyingi inaamka. Wewe Spitfire yako pampu inaendeshwa na kemshafti, hiyo kugonga haisaidii, kwa hiyo beba diaframu yake (ule utando unaosukuma mafuta), na mita moja ya mpira wa mafuta na klempu.

Maji usifanyie mchezo. Lita tano, hosi ya chini ya rejeta, na tyubu kuukuu ya baiskeli ukate vipande virefu. Hosi ikipasuka, kausha, zungushia tyubu huku unavuta kwa nguvu, halafu legeza kifuniko cha rejeta kidogo presha isijae. Nilitoka Nguruka mpaka Uvinza hivyo, naongeza maji kila mara. Mkanda wa feni nenda nao dukani upime na wa Toyota, usisubiri wa kutoka Uingereza.

Alternata acha nyumbani. Ikifa mchana, zima taa na redio, betri iliyojaa inaendesha injini saa kadhaa, alimradi mkanda upo uzungushe wotapampu. Stata ikifa mnasukuma. Na wotapampu kwa kawaida haifi ghafla, inadondosha matone siku nyingi; ukiona matone, badilisha hapa hapa Tabora.

Fyuzi za kioo na balbu, weka tu.

Spana ndiyo wengi wanakosea. Nati zake ni za inchi. Ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 itaikamata, ila ikiwa imegoma italiwa pembe na hapo utalala. Tafuta 7/16, 1/2 na 9/16 za kwake.

Ukishajaza kopo lako piga picha uweke hapa tulikague. Na spana ya plagi, mkuu. Safari ya tatu ya kwangu ilibaki juu ya meza ya sebuleni.