Kununua kwa ndugu wa tapeli

Kaka, umeuliza kama ununue kiwanja Buswelu kwa yule anayejenga nyumba za kuuza, maana mdogo wake ni tapeli anayejulikana Mwanza nzima. Mimi ningenunua, ila kwa karatasi. Lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina ni la nani na kama kuna rehani. Ndugu wengi hapo ndipo wanapoumiza watu: hati bado ina jina la marehemu baba, na ndugu wawili kila mmoja anauza kivyake. Ukitamani vya Luchelele ziwani, kumbuka mita 60 kutoka ufukweni, ambamo Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu kujenga. Huyo mkubwa alinijengea ukuta Nyasaka, safi tu. Maskini, siku hizi habari za mdogo wake anazianza mwenyewe, hata bei hujauliza.