Muulize Fundi: Adapta haigeuzi stima

*Assalaam aleikum Fundi. Mwezi ujao nampeleka mama India kwa matibabu ya moyo, mji wa Chennai. Hatutalala hospitali siku zote, tumeambiwa kuna vyumba vya kukodi hapo karibu. Nataka kubeba birika la stima, pasi ndogo, mashine yake ya kuvutia dawa ya pumu na simu zetu. Dukani nimeuziwa adapta ya "dunia nzima", na muuzaji akaniapia kwamba inatuliza stima ya nchi yoyote. Je, inatosha?*
— Bi. Z., Kisauni

Waaleikum salaam, dada. Mola ampe mama shifaa.

Muuzaji ana ulimi mtamu, lakini stima hajui. Adapta ni ya umbo tu: upande mmoja matundu ya plagi yako, upande wa pili pini za nchi unayokwenda. Volti zinazoingia ndizo zinazotoka. Nimezifungua nyingi hapa mezani kwangu Mwembe Tayari, na ndani mna vipande vya shaba na springi, hamna zaidi. Kinachopunguza volti ni transfoma, na transfoma ya kuhimili birika ni nzito kama tofali, hungeitia mfukoni.

Bahati nzuri, kwa safari yako hutaki kutuliza chochote. Kenya tuna volti 240 na hezi 50, yaani mdundo wa stima kwa sekunde. India ni volti 230 na hezi 50 vilevile. Kupungua kwa volti kumi hata Kisauni mnakuona jioni watu wakianza kupika. Mashine ya mama, kama ilinunuliwa hapa, itafanya kazi kule. Hata hivyo igeuze usome kibandiko cha chini. Kikisema 220–240V, 50Hz, funga begi. Chaja za simu karibu zote zimeandikwa 100–240V, 50/60Hz, maana yake hazichagui nchi.

Shida yako ni umbo, na uzito wa mzigo. Plagi ya India ina pini tatu za duara zilizokaa pembetatu. Ni plagi ya Kiingereza ya zamani, ya kabla Waingereza hawajaleta hii yetu ya pini bapa mwaka 1947. Wao waliiacha, India wakabaki nayo. Na ziko mbili. Ndogo ni ya ampea (kiasi cha stima inayopita) 5 au 6, ndiyo utakayoikuta karibu na kitanda. Kubwa ni ya ampea 15 au 16, ya AC na hita ya maji. Sasa chukua birika lako. Mengi ni ya wati 2000. Gawa kwa 230, unapata karibu ampea 9. Ukilichomeka kwenye tundu dogo, chai ya kwanza huenda ikachemka, ya pili utasikia harufu ya plastiki.

Halafu tazama ubavuni mwa hiyo adapta yako. Nyingi za aina hiyo zimeandikwa 6A, nyingine 10A. Nyingi pia hazina waya wa ardhi, ule wa kuondoa stima ikivuja: pini ya juu ya plagi yako inaingia kwenye tundu la plastiki ambalo haliendi popote. Kwa chaja ya simu hilo si neno. Kwa pasi ya chuma, na mgonjwa wa moyo yumo chumbani, mimi sikubali.

Kwa hivyo irudishe ukiweza, na uulize adapta ya India peke yake, pini tatu. Ishike mkononi: pini ya ardhi iwe nene na ndefu kuliko wenzake wawili, na iwe ya chuma. Usikubali yenye pini mbili nyembamba ukiambiwa "hii pia huingia". Huingia kweli, lakini inachezacheza na kutoa cheche. Nunua mbili. Moja ni ya mashine ya mama, haiguswi na mtu. Ya pili itie ekstensheni ya hapa Kenya yenye matundu manne, mchaji simu zenu zote pamoja, lakini pasi isikaribie hiyo ekstensheni. Birika liache nyumbani, ununue la kule likiwa na plagi yake. Na pasi vilevile, kama huwezi kuvumilia nguo zenye mikunjo.

*Fundi, shemeji yangu alinitumia mashine ya kunyolea kutoka Marekani, mpya kabisa. Nikanunua adapta nikaichomeka, ikanguruma kwa sauti kubwa, ikatoa moshi kabla sijamaliza kichwa kimoja. Adapta ilikuwa feki?*
— Kinyozi, Magongo

Adapta yako haina kosa, kijana wangu. Ilifanya kazi yake sawasawa: ilipeleka volti 240 kwenye mashine iliyotengenezwa kwa 120. Koili imeungua. Usimpelekee mtu akwambie ataisuka upya, gharama yake itazidi mashine.

Najua utauliza kama transfoma ya kushusha volti ingeiokoa. Isingeungua, hilo kweli. Lakini mashine nyingi za waya za Kimarekani zinatetemesha kisu kwa kufuata mdundo wa stima yenyewe, na kule mdundo ni hezi 60. Huku kwetu ni 50, na transfoma haigusi hezi. Ingekupigia kelele na kuvuta nywele za watu, mteja akuhame aende kwa jirani. Mwambie shemeji akikumbuka tena atume ya betri, ambayo chaja yake imeandikwa 100–240V. Akupigie picha ya maandishi hayo kabla hajalipa.

Na wanaosafiri kwenda huko na vitu vyetu, kinyume chake hutokea. Birika la Mombasa la wati 2000 likipata volti nusu linatoa robo ya nguvu, wati 500 hivi. Haliungui. Utakaa tu ukilitazama.

*Mwanangu amerudi kutoka Uturuki na laptopu yenye plagi ya pini mbili za duara. Tunasukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ndipo inaingia. Kuna ubaya?*
— Baba M., Likoni

Upo, mzee mwenzangu, na nusu ya Mombasa tunaufanya. Pini ya juu ya plagi yetu ni ndefu kuliko nyingine kwa sababu inatangulia kuingia na kufungua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Vizuizi hivyo vimewekwa kwa ajili ya kidole cha mtoto na msumari wake. Wewe na kalamu umevifungua. Tena pini za duara zimekaribiana kuliko matundu yetu, kwa hivyo zinaingia kwa mabavu na kuyapanua mashavu ya shaba ndani. Baadaye hata plagi halali ikiingia hapo italegea na kupata moto, ndipo unaona soketi imekuwa ya kahawia.

Hata adapta huihitaji. Waya wa laptopu unachomoka pale kwenye kile kiboksi cha chaja. Uchomoe, nenda nao dukani, ununue mwingine unaoingia kwenye kiboksi hicho hicho, wenye plagi ya Kenya. Hakikisha fyuzi ndani ya plagi ni ya 3A. Wauzaji wengine hutia 13A kwa kila kitu.

*Tunakwenda Umra na bibi. Je, Saudia tubebe adapta gani?*
— Msomaji, Mji wa Kale

Saudia ni plagi kama yetu, pini tatu bapa, volti 230. Hezi zao ni 60, na simu zenu hazitajua tofauti. Majengo ya zamani huenda yakawa na matundu ya Kimarekani, pini mbili bapa nyembamba, na zamani walikuwa na volti 127. Adapta ndogo moja ya aina hiyo haichukui nafasi. Powabenki itieni kwenye mkoba wa mkononi, isiende kwenye begi la chini ya ndege. Kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni wati-saa 100, na ya 20,000 mAh ni kama 74, kwa hivyo mtapita nayo.