Mwezi mwandamo hauchomozi usiku wa manane

Juzi kijana mmoja kanitumia hadithi yake ya kurasa kumi na mbili na swali moja: "Dada, kila usiku wangu ni giza nene. Nifanyeje?" Nikahesabu. Giza nene lilikuwamo mara tisa. Nilicheka, kisha nikaona haya, maana mimi nilikosea kuliko yeye, tena nikachapisha.

Ilikuwa hadithi yangu ya kwanza kutoka gazetini. Msichana anatoroka Pangani kwa mashua. Niliandika kwamba jua lilizama baharini taratibu, anga ikabaki na rangi saa nzima, na usiku wa manane mwezi mwandamo ukachomoza mbele ya tanga. Dar waliisifu sana. Nikalibeba gazeti lile mpaka Pangani kumsomea mjomba wangu, ambaye amevua dagaa kwa karabai tangu mimi sijazaliwa. Alinisikiliza huku anafuta kioo cha taa. Nilipofika kwenye mwezi akainua mkono.

"Mwandamo usiku wa manane? Mwanangu, mwezi mchanga unauona magharibi jua likishakuchwa, na haukai, unatua. Huo wako ulilala wapi? Na jua kuzama baharini hapa Pangani, tangu lini? Baharini ndiko linakotoka."

Wavuvi waliokuwapo walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja wao hadi leo akiniona huniuliza, "Mwezi umeshatoka?" Miaka minane sasa. Sijazoea.

Nilikuwa nimepanga kulala siku mbili, nikakaa wiki mbili. Nilichojifunza kwanza ni kwamba kwa mvuvi wa dagaa giza ni kazi. Giza ni zile siku mwezi haupo, taa inang'aa peke yake juu ya maji na dagaa wanaifuata. Mbalamwezi ikiwaka, karabai inakosa nguvu, watu wanabaki pwani kushona nyavu na kukopa dukani. Mjomba akisema "giza limeingia", mke wake anaanza kupanga madeni ya kulipa. Mimi nilikuwa nalitumia neno hilohilo kupamba.

Kisha nikaanza kuyasikia maneno kwa zamu yake. Jua linapoa, linakuchwa. Nyuma yake unabaki wekundu, shafaki, na waliosoma madrasa wanajua kuwa wekundu huo ukifutika ndipo wakati wa Isha unaingia. Halafu utusitusi, pale unapoona mtu anakuja lakini hujui ni nani mpaka atoe salamu. Kisha kiza. Giza totoro ni la mwisho kabisa, mwezi haupo na wingu limefunika nyota, na hulipati kila usiku. Kwetu huku karibu na ikweta safari hiyo ni fupi: nusu saa hivi baada ya jua kuzama, asiye na taa hasomi kitu. Ile rangi yangu ya saa nzima niliitoa kwenye hadithi za Ulaya kaskazini, ambako jioni ya Juni haitaki kuisha. Niliazima anga ya watu.

Lililonishika zaidi ni neno la mke wa mjomba. Tulikuwa tunarudi shamba, akatazama juu akasema, "Tumechwelewa." Nikadhani amekosea kusema tumechelewa. Kumbe ni ndugu wawili. Kuchelewa asili yake ni kufikiwa na kucha, asubuhi ikukute hujaondoka. Kuchwelewa ni kukutwa na machweo, jua likuzamie njiani. Sisi wa mjini tumebaki na mmoja, tena tunamtumia kwa basi na mshahara.

Sasa nyinyi mnaoandika. Mnanunua makamusi, mnaombana orodha za maneno matamu, na usiku wenyewe mnaupita mkitazama simu. Toka nje. Kabla hujaandika mwezi, jua umri wake. Mwezi mpevu huchomoza jua linapokuchwa, na kila siku inayofuata huchelewa kwa kama dakika 50. Ukitaka wa kuchomoza usiku wa manane, chukua wa siku ya ishirini na mbili hivi, uliokwisha kuliwa nusu. Ushauri wangu wa pili ni uleule wa kwanza: toka nje. (Na ukiandika "usiku wa Ijumaa", kumbuka wazee wa pwani wanaelewa Alhamisi jioni, maana siku yao huanza jua likichwa. Kwa hilo nimewahi kukosa harusi.)

Hadithi ile niliiandika upya. Msichana sasa anaondoka na nusu mwezi, na jua linazama bara, nyuma ya minazi. Mwezi uliopita imekubaliwa na mhariri yuleyule aliyewahi kunirudishia mswada bila hata neno la pole. Alitaka jambo moja tu, "tumechwelewa" liwe "usiku umetufikia". Nilikataa. Limebaki.

Yule kijana nilimwambia asinitumie kitu kingine mpaka aniandikie mbingu ya kwao ilivyo leo. Saa tatu usiku akajibu: "Dada, huku kumetanda wingu zito, hata nyota moja sioni." Kumetanda! Nimerudi kwenye kurasa zake kumi na mbili kulitafuta. Halimo hata mara moja.